FIMBO ILIYOKULA MAHARI YA BINAMU YANGU

Leo sitaki kuwazungumzia wale mabwana wanaozima simu ikifika mwisho wa mwezi. Leo nataka tuongee habari ya fimbo. Subiri kwanza, usicheke! Si ile ya mwalimu wa zamu, wala si ya mlinzi wa getini. Nasema fimbo ya kuvulia samaki, tena ya baharini, ile ambayo ukiiweka pamoja na rili yake bei inapita dola 1,500 za Kimarekani. Kwa pesa hiyo hapa Mikumi unanunua bodaboda mpya kabisa, inayonuka plastiki, na chenji ya mafuta inabaki mfukoni.

Najua kuna mtu ameshaanza kuguna. We dada wa Kilosa, mtoto wa Mkondoa, bahari umeijulia wapi hadi utufundishe mambo ya baharini? Swali zuri tu. Sisi watu wa Kilosa hata Ulaya tunakwenda kwa bodaboda, maana kwetu Ulaya ni kata, iko njia ya kwenda Mikumi, na watu wa Ulaya ile wanalima mahindi kama sisi. Bahari ndiyo hatuna. Lakini maji yetu yanaijua vizuri. Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Kule chini ya Mikumi nako, Ruaha Mkuu unapita Kidatu, unaingia Rufiji, na Rufiji unamwaga mkabala na kisiwa cha Mafia. Sasa kama maji yanaondoka, unadhani vijana watabaki? Wanayafuata hukohuko.

Mmoja wa waliofuata maji ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Alimaliza shule, akauza chipsi pale Mikumi njia panda, akapiga debe kidogo, mwishowe akapata kibarua cha ubaharia kwenye boti ya kupeleka watalii kuvua. Boti ya nani sisemi, wala usinitumie meseji kuniuliza. Kazi yake ni kubeba mizigo, kutia nanga, kufunga ndoana, na kumshika samaki akifika ubavuni mwa boti. Mshahara si haba, na bakhshishi ya dola inapotoka inakuwa sikukuu.

Kijana akajipanga. Akachumbia binti wa Mikumi, mtoto wa watu, ametulia. Mahari ikakubaliwa laki nane. Laki tatu akatoa palepale, laki tano akaahidi kumaliza msimu ukiisha. Shangazi akaanza kuulizia bei ya vitenge. Mimi mwenyewe nikaanza kufikiria mshono.

Msimu ukaisha, binamu akashuka stesheni ya Kilosa na treni ya SGR, amebeba bomba refu la plastiki begani kama mtu aliyetoka kununua vifaa vya choo. Tukadhani zawadi. Alipolifungua, ndani mlikuwa na fimbo nyeusi inayong'aa, nzuri kichizi, imevunjika nchani. Na mfukoni hamkuwa na kitu.

Hadithi yake ni hii. Mtalii mmoja alikuwa amenasa samaki mkubwa. Wakapigana dakika kadhaa, samaki akafika chini ya boti. Mtalii akainua fimbo juu wima, anamvuta. Binamu alikuwa ameinama ubavuni, kavaa glavu, anasubiri ashike uzi. Akasikia mlio kama wa bunduki. Fimbo vipande viwili, samaki kaondoka, mtalii kakasirika. Jioni bosi akaamua kesi bila kusikiliza mashahidi: "Wewe ndiye uliyeibeba jana kutoka gatini, umeigonga mahali. Utalipa." Wakamkata laki na nusu kila mwezi kwa miezi mitatu. Piga hesabu: laki nne na nusu. Mahari ya watu ikaishia hapo. Na kwa kuwa "ameilipia", akakabidhiwa vipande vyake aende navyo nyumbani.

Shangazi aliiangalia ile fimbo akasema neno moja tu: "Kuni." Lakini babu, ambaye amevua kambale na perege Mkondoa tangu kabla mama yangu hajazaliwa, aliiokota. Akaingiza ncha ya kidole kidogo pale ilipovunjika, akaipeleka karibu na macho, akaizungusha. Halafu akasema, "Hii ina uwazi ndani kama mwanzi. Ila haina fundo."

Wapenzi wasomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niache shughuli zangu nikaanza kuulizia na kusoma juu ya fimbo. Maana babu hajui Kiingereza, hajawahi kuona kiwanda, lakini alikuwa ameshika mzizi wa jambo lenyewe.

Tuanze na samaki kwanza, ili ujue fimbo hiyo inapambana na nani. Anaitwa kolekole. Wapo wa aina nyingi, ila yule mkubwa kuliko wote ana kichwa kama nyundo na roho kama ya jambazi. Anakaa kwenye miamba na matumbawe, pwani yetu yuko Mafia, mkondo wa Pemba, hadi kule Latham, kijisiwa kilicho peke yake baharini. Rekodi ya dunia ya kumvua kwa fimbo ni kilo 72.8, alivuliwa Japani mwaka 2006. Hicho ni kipimo cha mwanamume mzima, mwenye afya, anayekula ugali! Sasa mfikirie huyo kaumwa na ndoana, anakimbilia kwenye mwamba ili akate uzi. Usipomzuia sekunde za mwanzo, kwaheri.

Anavuliwaje? Hapo ndipo utamu ulipo. Hawatumii chambo cha nyama, wanatumia samaki wa bandia, wa mbao au plastiki, mwenye uzito wa gramu 100, 150, hata 200. Wapo wa namna mbili. Wa kwanza anaitwa popa. Uso wake umechimbwa kama kikombe, ukimvuta kwa nguvu anapiga maji PWAA! Anatoa povu na kelele, kolekole anadhani kuna samaki mwenzie anakula, anakuja kwa hasira. Wa pili anaitwa stikibeti. Huyu ni mwembamba, hana kelele. Ukimvuta taratibu anazama kidogo, anayumba kushoto kulia kama samaki mgonjwa. Popa ni mpiga debe wa stendi. Stikibeti ni yule dada anayepita zake kimya na bado shingo zote zinageuka.

Basi kila mmoja ana fimbo yake. Ya popa inatakiwa ncha ngumu kidogo, ili ukiivuta kwa nguvu uso wa popa upige maji sawasawa, usimezwe na ulaini wa fimbo. Ya stikibeti inatakiwa ncha laini zaidi, maana ukimvuta kwa fimbo ngumu anaruka nje ya maji na mchezo unaharibika. Lakini zote mbili, chini ya hiyo ncha, zinatakiwa ziwe na mgongo wa punda. Mtu anazirusha mara mia kwa siku, kwa hiyo zisiwe nzito. Nyingi hazifiki nusu kilo. Urefu wake ni kama mita 2.3 hadi 2.6. Hebu tafakari: kitu kisichofika nusu kilo, kinamsimamisha samaki wa kilo 50. Si mchezo!

Siri yake ni nyuzi za kaboni. Zamani wavuvi wa huko kwa wenzetu walitumia mianzi, wengine wakaipasua vipande vyembamba na kuvigundisha upya. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja faibaglasi, imara lakini nzito. Miaka ya 1960 Waingereza na Wajapani wakawa wanahangaika na kaboni kwa ajili ya ndege, na kuanzia miaka ya 1970 fimbo za kaboni zikaingia madukani. Kama unataka kujua kaboni ni kitu gani, ile Dreamliner ya Air Tanzania, Boeing 787 iliyotua Dar mwaka 2018 watu wakaishangilia, karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jamii hiyo. Kwa hiyo binamu aliposhuka na fimbo yake Kilosa, alikuwa amebeba undugu na ndege.

Inatengenezwa hivi. Nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, zinalazwa pamoja na gundi maalumu mpaka ziwe shuka jembamba. Shuka linakatwa kwa kipimo, linaviringishwa kwenye chuma kirefu chembamba, kama unavyoviringisha chapati ya kusukuma. Juu linafungwa utepe wa kubana, halafu linaingia kwenye tanuri. Likiiva, chuma kinachomolewa, linabaki bomba tupu. Ndiyo ule uwazi aliouona babu.

Sasa turudi kwenye fundo. Chukua bomba lolote jembamba, hata mrija wa soda, ulipinde. Utaona kabla halijakunjika, ule mviringo wake unabonyea, unakuwa kama yai, halafu ghafla linakunjika. Mwanzi hauna shida hiyo sana, kwa sababu Mungu ameuwekea fundo kila baada ya pingili, na fundo linazuia ubavu usibonyee. Tena nyuzi zake ngumu zimejazana zaidi upande wa nje, kwenye ngozi, ambako nguvu inahitajika. Fimbo ya kaboni haina fundo. Ikiwa nyuzi zote zimelala kwa urefu tu, itabonyea na kupasuka. Wahandisi wakafanya nini? Wakaongeza nyuzi zinazozunguka ubavu na nyingine za mshazari, kushoto na kulia, zinapishana kama ukili wa mkeka. Shimano wana mtindo wao wanaouita Spiral X, Daiwa wana wa kwao, X45, wa nyuzi zilizolazwa kwa pembe ya nyuzi 45. Ukisikia majina hayo makubwa usitishike. Ni fundo la mwanzi hilo, limevaa suti.

Pete za kupitishia uzi nazo zina mambo. Uzi wenyewe siku hizi ni wa kusukwa, mwembamba, mgumu kukatika: ule wa kazi hii unabeba hata kilo 40. Lakini adui yake ni joto. Kolekole akikimbia, uzi unasuguana na pete kwa kasi, ukipata moto sana unakatika. Kwa hiyo ndani ya pete wanaweka silikoni kabaidi, kitu kigumu, laini kama kioo, na kinachosambaza joto haraka. Fremu yake ni ya chuma kisichoshika kutu au titani. Pete nyingine zimeinamishwa kwenda mbele, ili uzi ukijizungusha wakati wa kurusha, uteleze na kujifungua wenyewe. Maana uzi ukifunga fundo kwenye pete huku mtu anarusha popa ya gramu 150 kwa nguvu zote, ncha inaweza kuondoka nayo.

Haya. Tumeijua fimbo. Swali la msingi sasa: INAVUNJIKAJE, na nani alipe?

Kumbuka Sayansi ya shule ya msingi, nyenzo, egemeo, mzigo, jitihada. Fimbo ni wenzo. Lakini ni wenzo wa ajabu, maana unamnyonga mvuvi, si samaki. Samaki yuko nchani, mbali. Mikono yako iko huku nyuma. Kilo 10 za samaki unazisikia mgongoni kama gunia. Fimbo inapopinda, ile ncha inasogea karibu nawe, wenzo unafupika, unapata nafuu. Ndiyo maana fimbo nzuri inapinda taratibu kuanzia nchani hadi karibu na mkono, kila sehemu inabeba fungu lake. Ni kama msiba wa uswahilini: kila mtu akichanga kidogo, mzigo unabebeka.

Ila kuna sharti. Fimbo inabidi iwe imelala, pembe ya kama nyuzi 45 kutoka usawa wa maji. Samaki akiwa chini kabisa ya boti, halafu ukaisimamisha wima, shina halibebi tena. Mzigo wote unahamia nchani, pale palipo pembamba kuliko pote. Viwanda vingine huandika kabisa: kwa pembe hii inabeba kilo kadhaa, ukiisimamisha inabeba pungufu mno. Kaboni ni ngumu sana ikivutwa, lakini ikibanwa upande wa ndani wa mkunjo ni dhaifu zaidi. Inabonyea, na ikishabonyea haikupi onyo. Pa! Basi.

Nilipomweleza binamu haya, alinyamaza kidogo akasema, "Dada, hata mimi najua. Tatizo ni kwamba wanaojua hawaulizwi."

Basi tukaamua kufanya maonyesho pale uani kwa shangazi. Babu akatoa mwanzi wake mkavu wa kuvulia, urefu karibu sawa na ile fimbo. Tukafunga kamba imara nchani, tukaning'iniza dumu lenye maji lita 5, maana lita moja ni kilo moja, hakuna haja ya mizani. Binamu akashika shina, akainua kwa pembe ya 45. Mwanzi ukapinda wote, vizuri, ukalia kidogo, ukabeba. Akashusha. Tukamwambia sasa sogea, simama juu ya dumu, inua wima. Akainua. Shina likabaki limenyooka kama askari, ncha ikajikunja kama ndoana, na kabla hatujahesabu tatu, pa! Dumu chini, maji kwenye kanga ya shangazi.

Tukaokota. Ulikuwa umevunjika sehemu ya juu, karibu na ncha. Babu akauweka sambamba na fimbo ya mzungu, ambayo ilivunjika kama sentimeta 40 kutoka nchani. Mahali palepale, tofauti ya upana wa kiganja.

Shangazi, ambaye hajawahi kupenda mambo ya uvuvi, akauliza: "Kwa hiyo mwanangu hakuvunja?"

Nitasema ukweli, maana gazeti hili linasomwa na mabosi pia. Fimbo ya kaboni iliyogongwa nayo inaweza kuvunjika. Ikiangukiwa na nanga, au ikipigwa na risasi ya popa, nyuzi za ndani zinakatika bila nje kuonekana kitu, halafu siku nyingine inavunjika hata kwa mzigo mdogo. Mimi boti sikuwepo. Lakini fimbo ile ilikuwa imerusha popa tangu asubuhi, ikapigana na samaki hadi ubavuni mwa boti, na ikavunjika sekunde ileile iliposimamishwa wima, mahali palepale panapovunjika fimbo zinazosimamishwa wima. Angalau mtu angeulizwa! Kijana wa Kilosa amekatwa laki nne na nusu kwa sababu kaboni haiwezi kusema.

Jambo lililomshangaza babu kuliko yote halikuwa hilo. Alimwuliza binamu, "Na huyo samaki mkishampata mnamgawanaje?" Binamu akajibu kwamba anapigwa picha, anarudishwa majini. Babu akadhani ametukanwa. Mtu anatoka kwao kwa ndege, ananunua fimbo ya bei ya pikipiki, anapata samaki wa kulisha ukoo, anamrudisha? Binamu akamweleza: kolekole mmoja mkubwa akiuzwa sokoni anauzwa mara moja, lakini akiachwa hai mwakani atamleta mtalii mwingine, na mshahara wa baharia unatokana naye. Ndiyo maana fimbo inatakiwa iwe na nguvu: samaki akipigana dakika chache anaachiwa akiwa na pumzi, akivutwa saa nzima kwa fimbo teketeke anaachiwa maiti, au papa wanamwahi. Babu alifikiri sana. Akasema, "Basi huyo samaki ameajiriwa." Na mimi nikajiuliza kimoyomoyo, samaki anaachiwa na uzima wake, je, mfanyakazi?

Fimbo yenyewe tuliipeleka Mikumi kwa fundi mmoja wa pikipiki, mtu wa mikono ya dhahabu. Akatafuta kipande cha faibaglasi cha mti wa hema lililotupwa, akakipiga msasa mpaka kikaingia ndani ya bomba, akatia araldaiti, akaunganisha, akafunga uzi mwembamba juu yake raundi kwa raundi, akapaka araldaiti tena. Siku ya pili ikabeba dumu la lita 5 bila kulalamika. Lakini fundi mwenyewe alisema bila kuzunguka: pale kwenye kiungo haitapinda tena kama zamani, ni kama goti lililowekwa chuma. Kwa kambale wa Mkondoa inatosha na kuzidi. Kwa kolekole, hapana.

Na hapa nina onyo kwa wadogo zangu wote wanaopenda kuzuga. Siku mbili baada ya fimbo kurudi, mpwa wangu aliibeba begani, anaelekea upande wa reli, anajionyesha kwa wenzie. Nilimkimbilia bila viatu. Kaboni inapitisha umeme! Treni ya SGR inatumia nyaya za juu zenye volti 25,000, na nyaya za TANESCO nazo ziko kila kona. Kaboni haisamehi. Radi zikianza vilevile, weka chini, ondoka. Na usije ukaibeba kuingia nayo Hifadhi ya Mikumi ukadhani utawavulia viboko wale samaki wao. Utakamatwa, na mimi sitakuja kukuwekea dhamana.

Sasa mambo ya mahari. Binamu alikwenda ukweni na babu, wakamweleza mzee mwenye binti ukweli wote, wakaonyesha na vipande vya mwanzi. Mimi niliambiwa nibaki, nikabaki, lakini habari nilizipata zote. Yule mzee kumbe aliendesha malori ya Zambia miaka mingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kicheko cha uchungu, akasema: "Kwenye malori nako, tairi likipasuka analipa utingo. Dereva huwa hakosei." Akatoa muda hadi msimu mwingine wa kaskazi. Binti naye kasema anasubiri, ila si milele, na hapo simlaumu hata kidogo. Uzuri nao una msimu wake.

Binamu amerudi pwani. Nilimwandikia barua kwa mkono wangu, kwa adabu zote, ya kumpa bosi. Haikutukana mtu. Ilisema: fimbo imevunjika hapa, wakati huu, ikiwa hivi, tunaomba yule mteja aulizwe alikuwa ameishikaje, na tunaomba kuanzia sasa kuwe na makubaliano ya maandishi nani analipa chombo kikivunjika kazini. Bosi alisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Makato yamesimama. Pesa iliyokwisha kukatwa bado hajasema kitu, na binamu anaendelea kuiulizia kila Jumamosi, kwa heshima, lakini anaulizia.

Mambo mengine wameanza vijana wenyewe pale botini. Asubuhi kila fimbo inapigwa picha kwa simu mbele ya mwenyewe, kuanzia shina hadi nchani. Hakuna kuilaza chini ambako nanga inapita. Popa haiachwi ikaning'inia na kugonga fimbo boti ikikimbia. Breki ya rili haikazwi kupita theluthi ya nguvu ya uzi. Na samaki akifika chini ya boti, baharia anapaza sauti, hata kama mteja ni waziri: "Shusha fimbo, mzee! Shusha!" Kama hataki kushusha, basi angalau kuna watu wanne waliosikia.

Wewe unayesoma hapa labda huvui. Unaosha magari, unabeba kamera za maharusi, unafanya kazi hotelini ambako glasi moja ni nusu ya mshahara wako. Ushauri wangu ni mmoja tu: chombo cha bei mbaya ukikishika, kijue. Kimetengenezwa na nini, kinavunjika vipi, kinavunjikia wapi. Bosi anaweza kukuzidi pesa, lakini asikuzidi kukijua kitu unachokibeba wewe kila siku.

Mshono wangu wa harusi nimeuhifadhi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutawarudia wale mabwana wanaozima simu. Mjiandae.